Deni la Daftari

Njia za kuijua nchi ni mbili. Ya kwanza ni kuzaliwa ndani yake. Ya pili ni kuisoma. Aliyezaliwa katika nchi huyajua mengi asiyoweza kuyaeleza, maana hakuna aliyepata kumwuliza. Na aliyeisoma huyaeleza mengi asiyoyajua barabara, maana hakuyaishi. Ni nadra njia hizi kukutana katika mtu mmoja, na zikikutana aghalabu hugombana kabla ya kupatana. Habari hii ni ya mtu wa namna hiyo: kijana wa Tarime, katika Mkoa wa Mara, aliyekwenda Dar es Salaam kusoma shahada ya uzamili katika taaluma za maendeleo, kisha akarudi kwao na daftari mkononi kuwauliza watu wake mambo ambayo wao walidhani anayajua.

Elimu aliyoifuata ina nasaba yake, na nasaba yafaa kutajwa kabla ya posa. Mwaka 1916 kilianzishwa London chuo cha lugha na mambo ya nchi za Mashariki, na mwaka 1938 Afrika ikaongezwa katika jina lake. Dola iliyotawala nchi nyingi ilihitaji maofisa waliojua lugha na desturi za watawaliwa, na haja hiyo haikufichwa. Huko Marekani, Melville Herskovits alianzisha mafunzo juu ya Afrika katika Chuo Kikuu cha Northwestern mwaka 1948. Na mwaka 1958, katika mashindano na Urusi ya Kisovyeti, serikali ya Marekani ilipitisha sheria iliyotoa fedha ili vijana wake wasome lugha na maeneo ya dunia. Katika Afrika Mashariki yenyewe, taasisi ya uchunguzi wa jamii iliundwa Makerere mwaka 1948, nayo ikawa kituo cha wageni wengi waliokwenda vijijini kukaa na watu na kuandika habari zao.

Katika nasaba hiyo yote, aliyeuliza alikuwa mtu wa mbali, na aliyeulizwa alikuwa mwenyeji. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1961, na hasa taasisi yake ya taaluma za maendeleo ilipoanza mwaka 1973, swali lilianza kubadili mdomo. Halikuwa tena, "Watu hawa ni nani, na wataongozwaje?" Likawa, "Sisi ni nani, na twende wapi?" Hata hivyo, swali likibadili mdomo si lazima libadili namna ya kuulizwa. Vitabu vilikuwa ni vilevile, karatasi za maswali zilikuwa ni zilezile, na lugha ya kuandikia ilikuwa ni ileile.

Kijana aliyatambua hayo siku ya kwanza alipokaa maktabani na kukuta kwao kumepangwa rafuni. Malcolm Ruel, Mwingereza aliyekaa kwa Wakurya katika miaka ya mwisho ya 1950, alitoa mwaka 1962 makala juu ya marika yao ya vizazi. B. A. Rwezaura, mwanasheria Mtanzania, alichapisha mwaka 1985 kitabu juu ya sheria za jadi za familia ya Wakurya na jinsi zinavyogeuka. Mwaka uliofuata Eva Tobisson akatoa Sweden uchunguzi wake juu ya maisha ya familia za wakulima na wafugaji hao. Mwaka 2000 Mmarekani Michael Fleisher akaeleza jinsi wizi wa ng'ombe, ambao zamani ulikuwa jambo la ujasiri baina ya koo na koo, ulivyogeuka kuwa biashara ya fedha inayovuka mpaka wa Kenya.

Alisoma kwa siku nyingi, na hakusoma kama wenzake. Wao walipopata hoja, yeye alipata pia kumbukumbu. Usiku ule mama yake alipozima taa na kuwaamuru watoto wanyamaze, kwa kuwa yowe lilikuwa limepigwa ng'ambo ya bonde, ulikuwa humo kitabuni, umegeuzwa kuwa sura yenye vichwa vidogo. Hakuona uongo. Aliona kwamba kweli ile imevaa nguo ambazo mama yake asingezitambua. Tena vitabu hivyo vyote vilikuwa kwa Kiingereza, na mama yake alisoma Kiswahili tu, polepole, kidole kikifuata mstari.

Ulipofika wakati wa uchunguzi wake mwenyewe alipewa barua. Barua ya Chuo ilikwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, Musoma. Ya Mkoa ikamfikisha Wilayani. Ya Wilaya ikamfikisha kwa mtendaji wa kata, na ya kata kwa mtendaji wa kijiji. Alivuka daraja la Kirumi, ambapo Mto Mara hukaribia kumwagika katika Ziwa Viktoria, akapanda kuelekea milima ya Tarime yenye migomba na mahindi. Kijijini alimkabidhi mzee mmoja karatasi zake zote. Mzee alizipindua moja moja, akatazama mihuri, kisha akamrudishia.

"Mura," alisema, "mihuri ni minne. Lakini mbona haisemi wewe ni mtoto wa nani?"

Swali hilo lilikuwa na uzito kuliko lilivyosikika. Mkurya huzaliwa ndani ya irikora, yaani rika la kizazi, na marika hayo ni manane katika mizunguko miwili. Katika mzunguko mmoja wamo Abasae, Abanyambureti, Abagamunyere na Abamaina. Katika wa pili wamo Abachuma, Abamairabe, Abagini na Abanyangi. Mtoto huingia katika rika linalofuata lile la baba yake ndani ya mzunguko uleule, na mzunguko ukiisha huanza upya, hata mjukuu wa mjukuu akarudi katika jina la babu wa babu yake. Kwa jina hilo mtu hujua amheshimu nani, atanie na nani, na akae upande gani penye mkusanyiko. Kijana aliijua kanuni hiyo yote kutoka maktabani, akaweza hata kuichora. Jambo asilolijua lilikuwa moja: baba yake alikuwa wa rika gani. Baba alikufa mapema, na mwana akalelewa na mabweni ya shule.

"Baba yako alikuwa wa Abanyambureti," mzee alimwambia.

"Basi mimi ni wa Abagamunyere, tata."

Mzee alicheka, akauliza ni nani aliyemfundisha. Kijana akajibu kwa haya kwamba ni maandishi ya Mwingereza.

"Yamesema kweli," mzee alisema. "Mwingereza aliujua mlango, hakuijua nyumba yako. Na wewe ulikuwa na nyumba, hukuujua mlango." Akanyamaza kidogo, kisha akaendelea: "Waliokuja mbele yako walichukua maneno, wakaenda nayo. Siwalaumu, tuliwapa kwa hiari. Lakini aliyeazima jembe hulirudisha, hata likiwa limelika. Maneno yetu yako wapi?"

Kijana aliandika swali hilo katika ukurasa wa kwanza wa daftari lake. Halikuwamo miongoni mwa maswali aliyotumwa kuyauliza.

Maswali aliyotumwa yalikuwa yamepigwa chapa katika karatasi ndefu zenye visanduku. Kisanduku kimoja kilitaka jina la mkuu wa kaya, kingine kilitaka kama ni mume au mke, na kingine kilitaka uhusiano wa kila mtu na mkuu huyo. Nyumba nyingi ziliingia katika visanduku bila shida. Nyumba moja ilikataa.

Ilikuwa nyumba ya ajuza aliyezaa mabinti na hakuzaa mtoto wa kiume. Katika desturi ya Wakurya, ng'ombe walioletwa kwa ajili ya binti huhesabiwa kuwa ni wa nyumba ya mama yake, ili wamwolee mke kaka wa binti huyo. Asipokuwapo kaka, mama anaweza kuwatoa ng'ombe hao na kuoa mke kwa ajili ya nyumba yake. Mke huyo huwa ni mkamwana, mke wa mtoto wa kiume ambaye hakuzaliwa. Naye huzaa na mwanamume wa nje, na watoto huwa wa nyumba ile. Watu huiita nyumba ntobhu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 husema kwamba ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, kwa hiyo nyumba hiyo ilikuwa nje ya sheria kama ilivyokuwa nje ya kisanduku.

Ajuza hakuona haya wala shaka. "Andika," alisema, "kwamba moto wa nyumba hii haukuzimika. Wajukuu wangu hao wanacheza. Mwanamume gani angenipa hayo?"

Kijana aliandika. Jioni alimkuta mkamwana kisimani, mwanamke wa makamo ya dada yake mdogo, aliyemaliza darasa la saba kabla ng'ombe hawajahesabiwa uwanjani kwa baba yake. Alimwuliza hali ya maisha katika nyumba ile. Mwanamke alijaza ndoo yake mpaka juu ndipo akajibu.

"Hapa sipigwi. Dada zangu waliokwenda kwa waume wanapigwa, mimi sipigwi. Mama huyu ni mwema. Lakini sikuulizwa." Akaitwika ndoo, akaongeza: "Jina langu usiliandike. Na hayo usiyasome mbele yake."

Usiku ule, kwa mwanga wa taa, kijana aliitazama karatasi yenye visanduku. Angeweza kuandika kwamba mkuu wa kaya ni mjane, na mkazi wa pili ni jamaa yake, na hesabu ingekuwa sawa. Katika maelfu ya karatasi za namna hiyo hakuna ambaye angegundua. Lakini alitambua kwamba maendeleo ya nchi hupangwa kwa kufuata hesabu hizo, na kwamba mtu aliyeandikwa "jamaa" hatapangiwa lolote linalomhusu mke. Aliviacha visanduku vitupu, akaigeuza karatasi, akaandika nyuma yake yote aliyoyasikia kwa ajuza na yote aliyoyasikia kisimani. Tangu siku hiyo nyuma za karatasi zikajaa kuliko mbele. Msimamizi wake alipoziona alikunja uso kwanza, kisha akasoma, kisha akasema kwamba kazi ya kijana iko nyuma huko.

Uchunguzi ulimpeleka pia ng'ambo ya Mto Mara, katika Wilaya ya Serengeti. Alipita Nyamongo, ambako mgodi mkubwa wa dhahabu ulianza kazi mwaka 2002, akavuka mto na kufika Mugumu. Huko wanakaa Wangoreme, Wanata, Waikoma, Waishenyi na wengine, majirani wa hifadhi ambayo dunia nzima inaijua kwa jina. Labda hakuna nchi katika Afrika iliyosomwa kwa bidii kuliko Serengeti. Lakini waliosomwa zaidi ni wanyama. Taasisi ya utafiti iliwekwa Seronera mwaka 1966. Nyumbu, ambao idadi yao hupita milioni moja, wamehesabiwa kwa ndege mara nyingi. Simba wamepewa majina na nasaba zao zimeandikwa. Mwaka 1959 vilitoka kitabu na filamu vya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael vilivyoisihi dunia isiiache Serengeti ife, na dunia ikaitikia. Katika picha zilizoenea tangu hapo, nchi hiyo aghalabu huonekana kana kwamba haikupata kukaliwa na watu.

Wazee wa Serengeti magharibi hawakuiona hivyo. Walimtajia kijana vilima, visima na mito ambako babu zao walikaa, walikowinda, walikotambikia, na mingi ya mito hiyo imo ndani ya mipaka ya hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1951, au ndani ya mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti yaliyotangazwa mwaka 1994. Mzee mmoja alitaja majina hayo kwa mpango, moja baada ya jingine, kama mtu anayetembea. Na kwa kweli alikuwa akitembea, kwa kuwa kwa miguu hakuruhusiwa tena. Habari za tembo kuvunja mashamba alizisema kwa maneno machache. Habari za majina alizisema mpaka jua likatua.

Kwa bahati njema, mtu mmoja alikuwa amesikiliza kabla yake. Jan Bender Shetler, mwanahistoria Mmarekani, alipata shahada yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Florida kwa uchunguzi wa kumbukumbu za nchi hii, na mwaka 2007 akachapisha kitabu kinachoonyesha kwamba kwa watu wa Serengeti magharibi mandhari yenyewe ni hazina ya historia. Kabla ya hapo, mwaka 2003, alikuwa amehariri kitabu cha pili cha namna nyingine: historia zilizoandikwa na wenyeji wa Mara wenyewe. Kijana alipokumbuka jambo hilo, alikumbuka pia jembe la mzee. Mgeni alikuwa amejaribu kulirudisha. Mwenyeji angesema nini?

Alirudi Dar es Salaam, akaandika tasnifu yake kwa Kiingereza kama kanuni zilivyotaka, ikakubaliwa na kuwekwa maktabani karibu na vile vitabu vilivyomtangulia. Watu wengi wangeishia hapo, wala wasingelaumiwa. Yeye alikaa miezi miwili zaidi akiandika muhtasari kwa Kiswahili, kurasa 12, akapanda basi akaupeleka kijijini.

Watu walikusanyika chini ya mti. Alisoma juu ya marika, na wazee wakamsahihisha mahali pawili. Alisoma juu ya mahindi na bei zake, na wakulima wakamwambia kwamba bei hizo zimekwisha kupita. Akasoma juu ya nyumba ambazo moto wake haukuzimika, bila ya kutaja jina. Ajuza alijitambua mara moja, akainuka kwa fahari.

"Vema," alisema. "Na mkamwana wangu, alisema nini?"

Mkutano ulinyamaza. Katika tasnifu jibu lilikuwamo lote, sehemu zote mbili, limelindwa na Kiingereza dhidi ya yule ambaye halikupasa kumfikia. Kijana alikuwa ameahidi kuyarudisha maneno, tena alikuwa ameahidi kuyaficha. Hakuna darasa lililomfundisha la kufanya ahadi mbili zinapokutana chini ya mti mmoja.

"Alisema wewe ni mwema, mama, na kwamba hapa hapigwi."

Ajuza aliketi ameridhika. Mkamwana alikuwa nyuma ya mkutano, mtoto mgongoni, akitazama chini.

Watu walipotawanyika alimfuata kijana njiani. Hakukasirika wala hakushukuru. Aliuliza, "Ile nusu ya pili umeiweka wapi?"

"Imo katika kitabu cha Chuo."

"Nani anakisoma?"

Kijana hakuwa na jibu. Alifungua daftari, akaandika kwa Kiswahili maneno yaliyosemwa kisimani kama alivyoyashika, akaichana karatasi na kumpa. Mwanamke aliisoma akiwa amesimama. Alipofika mwisho aliomba kalamu.

"Hukukosea kusikia," alisema. "Lakini mimi nimefikiri tangu siku ile." Akalikata neno *sikuulizwa*, akaandika juu yake *sijaulizwa*. Akaikunja karatasi, akaifunga katika pindo la khanga yake, akaenda zake.

Aliyesema kwamba hakuulizwa amefunga habari. Aliyesema kwamba hajaulizwa angali anangoja. Tasnifu iliyo maktabani ina neno la kwanza, na yamkini wanafunzi wa kesho watalinukuu kama lilivyo. Kijana anajua kwamba limekwisha pitwa, na kwamba lililo sahihi limo katika pindo la khanga, Tarime. Kwa sababu hiyo, alipopata kazi ya kufundisha wanaosoma habari za jamii na maendeleo yao, jambo la kwanza analowaambia ni kwamba wakimaliza kuandika wawe na nauli ya kurudi.